Ndoo Tupu ya Mama Selina

Watu wa Karatu wanaweza kukusamehe mambo mengi, lakini hawasamehe kutembea bila sababu. Mwanamke mzima ukionekana barabarani saa kumi na mbili asubuhi mikono mitupu, huna jembe, huna kapu, huna mtoto mgongoni, utaulizwa tu. Utaulizwa na anayefungua duka la dawa, utaulizwa na bodaboda, na yule ambaye hakukuuliza atakwenda kumuuliza jirani yako. Ndiyo maana rafiki yangu Blandina, ambaye mimi namwita Mama Selina, alitembea miezi mitano akiwa na ndoo. Ndoo ya bluu, ya lita kumi, yenye mfuniko. Ndani yake hamkuwa na kitu. Najua, kwa sababu ndoo nilimpa mimi.

Naitwa Sikudhani. Nimezaliwa Kondoa, nimeolewa hapa mjini, na nina duka la vitambaa na vyombo vya plastiki karibu na soko. Mwanangu mkubwa ni Tariq, kwa hiyo watu wananiita Mama Tariq. Nasema mapema kwamba mdomo wangu hauna breki, na mengine katika haya niliyaharibu kwanza kabla ya kuyatengeneza.

Mama Selina yeye ni Mwiraqw wa Qurus, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mpole hadi anakera. Ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye. Miaka kumi na tisa amefanya kazi ya kupiga pasi katika loji moja iliyo kwenye njia ya kupanda Ngorongoro. Wageni wanaokuja kuona faru hawajui kwamba shuka walilolalia lilinyooshwa na mwanamke aliyesimama juu ya sakafu ya saruji tangu saa moja asubuhi, mahali palepale, mguu wa kulia mbele kidogo, wa kushoto nyuma. Siku yenye wageni wengi anafikisha mashuka sitini, foronya hazihesabiwi.

Mishipa ilianza kujitokeza baada ya mtoto wa tatu. Kwanza nyuma ya goti, kisha ikashuka kwenye kigimbi, minene, ya kijani na zambarau, imejipinda kama mizizi iliyofukuliwa na mvua. Jioni miguu ilimvimba, ikawa mizito, na ngozi ya karibu na kifundo ikawa inamwasha. Haya nimekuja kuyajua baadaye. Tulikuwa marafiki miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuiona miguu yake, maana sketi zake zilikuwa zinafagia barabara.

Alinionyesha mwezi wa kwanza, mchana, dukani kwangu. Alisubiri mteja wa mwisho atoke, akarudisha mlango, akapandisha sketi mpaka magotini.

"Mama Tariq, niangalie. Usinifiche. Huu mguu utaoza?"

Nilitaka kutania, ndiyo tabia yangu, lakini nikayaona macho yake. Nikavuta ndoo moja kubwa ya dukani, nikaipindua, nikamkalisha juu yake.

Ndipo akanieleza habari za mama yake. Mama yake alikuwa na miguu hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia afanye nini, akaenda nayo hivyohivyo shambani na kisimani, mpaka ngozi ya juu ya kifundo ikapasuka. Kidonda kile kilikaa miaka tisa. Kilifungwa kwa vitambaa vya kanga kuukuu, kikatoa harufu, na mwisho yule mama akawa mtu wa kukaa mlangoni kwenye ngozi ya ng'ombe, anasikia sherehe za wenzake kwa mbali. Blandina alipojifungua Selina, mtoto wake wa kwanza, mama yake hakuweza kuja. Kutoka Qurus hadi hapa si mbali, lakini hakuweza. Alimtuma mtu na unga wa uji.

"Siku ya nne niliamka nikajipikia mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nakoroga huku nalia. Sikumlaumu Aayo. Lakini nilimtaka."

Aayo ni mama kwa Kiiraqw. Huwa halitamki neno hilo mbele ya watu wa mjini.

Sasa Selina, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nainokanoka, alikuwa na mimba ya miezi minne. Mume wake, Koinet, ni bwana mifugo wa hukohuko, kijana mwema, lakini mama yake Koinet alikwishatangulia mbele ya haki. Hapakuwa na mama mwingine wa kumkanda Selina maji ya moto, kumpikia, kumshikia mtoto alale. Na Nainokanoka si mahali unapofika umekaa. Magari ni machache, baridi ni ya kweli, na kuna siku unashushwa njiani unamalizia kwa miguu.

"Nataka nikampikie mwanangu uji," Mama Selina akasema. "Siku arobaini. Sitaki kitu kingine mwaka huu."

Kesho yake nikafunga duka, nikampeleka hospitali. Tulipita kwa daktari, akampima, akatutuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, baba mmoja mwenye kipara anayeitwa Adrian. Mtu yule hana haraka. Alimgusa mapigo ya miguuni, akambonyeza kifundo kwa kidole, akaangalia lile shimo dogo likichelewa kurudi.

"Mama, damu kushuka mguuni ni rahisi," akasema. "Kazi ni kupanda. Kigimbi ndicho kinachoisukuma. Ukitembea, kinaikamua damu inarudi juu. Ukisimama tu, kigimbi kimelala, damu inatuama. Wewe unasimama saa ngapi kwa siku?"

"Tisa," akasema Mama Selina, kwa aibu, utafikiri ameiba.

"Basi. Mishipa hii haitaondoka kwa mazoezi, nisikudanganye. Tunachotafuta isizidi, na ngozi isipasuke."

Kisha akamfundisha. Kutembea nusu saa kila siku, mwendo wa kupumua kwa nguvu kidogo. Kwenye pasi, kila akimaliza shuka moja ainuke kwa vidole mara kumi na kushuka taratibu, na asisimame mguu mmoja siku nzima. Akikaa, achezeshe vifundo juu na chini. Mchana na jioni alale chali robo saa, miguu iwe juu kuliko moyo. Apake mafuta, asijikune. Asibebe mizigo mizito. Na avae soksi maalum za kubana, atakazozivaa asubuhi kabla miguu haijavimba na kuzivua wakati wa kulala. Akampima miguu kwa utepe, akaandika namba kwenye karatasi. Selina alipoambiwa, akaagiza soksi hizo Arusha kupitia kwa mwalimu mwenzake. Zikaja jozi mbili, za rangi ya kahawia, kwenye pakiti inayong'aa.

Shida ya kwanza ikawa kutembea kwenyewe. Siku ya kwanza tuliulizwa na watu saba tunakwenda msibani kwa nani. Siku ya pili Mama Selina hakutokea. Nilipomfuata nyumbani akaniambia hawezi, watu watasema amerukwa na akili, anazunguka mjini kama mbuzi aliyekatika kamba. Nikarudi dukani, nikachukua ile ndoo ya bluu.

"Shika hii. Mwenye ndoo haulizwi."

Na kweli hakuulizwa. Mimi natoka kuswali alfajiri, nampitia, tunapanda hadi mashamba ya kahawa, tunarudi. Ndoo kichwani, mkono mmoja kiunoni, mwendo wa mtu mwenye shughuli zake. Kule loji wenzake walimcheka alipokuwa akiinuka kwa vidole mbele ya meza ya pasi, mpaka akaanza kuhesabu kwa wimbo wa kwaya, nao wakaufuatisha. Msimamizi alipomkuta mchana amelala nyuma ya chumba cha kufulia, miguu imeegemea ukutani, alipiga kelele kuita gari akidhani amezimia. Siku hizi anapita pembeni tu.

Na Patrisi, mume wake. Huyu ni mkulima wa ngano na maharage, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku jua alikuwa na wageni. Alisikia tu habari ya kuinua miguu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na matofali mawili, akaweka juu yake miguu ya kitanda ya upande wa miguuni. Mama Selina alipomuuliza yeye atalalaje kichwa chini, akajibu, "Nitazoea." Maneno yote ndiyo hayo.

Siri ya ndoo ilidumu mpaka mwezi wa tatu. Asubuhi hiyo tukakutana na Dorkasi, anayeimba kwaya na Mama Selina, mwanamke mwenye mikono ya kubebea magunia. Dorkasi ana adabu. Hawezi kumwona mwenzake mtu mzima na mzigo akampita. "Lete nikupokee," akasema, na kabla hatujafungua mdomo akaishika ndoo kwa nguvu zote za mtu anayetegemea lita kumi za maji. Ndoo ikaruka juu, mfuniko ukaenda upande wake, na Dorkasi nusura akae chini. Akachungulia ndani. Akatuangalia.

Saa sita mchana mjini kulikuwa na habari mbili. Moja kwamba Mama Selina anapeleka dawa za kishirikina mashambani kwa watu. Ya pili kwamba mimi nimemsilimisha na tunakwenda kusali porini. Mama Selina alilia dukani kwangu. Mimi nilitoka nje, nikasimama barazani, nikapaza sauti hadi muuza nyanya akasimama: "Tunatembea! Miguu inamuuma, daktari amesema atembee! Mwenye swali la pili aje ndani!"

Aliyekuja ndani alikuwa Dorkasi. Alirudisha mlango kama alivyofanya mwenzake, akapandisha sketi yake. Na yeye alikuwa na mishipa ileile, miguu yote miwili.

"Mlikuwa mnatembea bila mimi?" akauliza.

Kuanzia hapo tukawa watatu, na ndoo Mama Selina akaendelea kuibeba, kwa mazoea tu.

Ningependa kusema mambo yakaenda hivyo mpaka mwisho. Mwezi wa nne tulirudi kwa Adrian. Mguu wa kushoto ulikuwa umepungua uvimbe. Wa kulia, juu ya kifundo upande wa ndani, ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na ngumu, na katikati pana mpasuko mdogo, si mkubwa kuliko punje ya maharage, unaotoa majimaji. Mama Selina alipouona aligeuza uso ukutani.

"Soksi unavaa?" Adrian akauliza.

"Navaa."

Adrian akaangalia ile ngozi, kisha akamwangalia yeye. "Hiki kidonda kisipofunga, mama, sitakuruhusu kwenda kukaa mbali na hospitali. Nainokanoka utaisikia kwenye simu."

Akakisafisha, akakifunga, akampa tarehe ya kurudi. Tulipofika nyumbani kwa Mama Selina nikaingia ndani nimtengenezee chai. Nilitaka siku hiyo anywee kikombe kizuri, nikafungua kabati, lile la vioo, lenye vikombe vya maua ambavyo tangu nimjue sijawahi kunywea, maana ni vya wageni na mimi si mgeni. Juu ya vikombe palikuwa na pakiti inayong'aa. Ndani yake jozi moja haijaguswa kabisa. Jozi ya pili ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitabu cha nyimbo, imewekewa hadi vidonge vya kufukuza nondo.

"Mama Selina. Hizi unavaa lini?"

Akanong'ona. "Jumapili."

"Jumapili?"

"Ni nzuri, Mama Tariq. Mwanangu amezitoa Arusha. Nizivae nikapigie pasi?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokatika breki. Nilimwambia mguu wake haujui Jumapili wala Jumatatu. Nilimwambia anamvalia padri soksi za ugonjwa. Nikamwambia, na hili nalijutia mpaka leo, kwamba ataishia mlangoni kwenye ngozi kama mama yake, na Selina atakoroga uji peke yake siku ya nne. Alivipanga upya vile vikombe kabatini, kimoja kimoja. Nikaondoka bila kunywa chai.

Siku tatu sikumpitia, naye hakuja. Niliswali, nikafungua duka, nikamtukana moyoni, kisha nikajitukana mimi. Siku ya nne, kabla sijavua ushungi, nikasikia hodi. Alikuwa amesimama uani na ndoo yake. Sketi ameishika juu kidogo, na chini yake zile soksi za kahawia.

"Nisamehe maneno yangu," nikasema.

"Yalikuwa ya kweli," akasema. "Lakini hukujua yote. Zinabana sana kuvaa. Mimi peke yangu nashindwa, vidole havina nguvu asubuhi. Na niliona haya kumwambia Patrisi anishike miguu. Miaka thelathini ya ndoa sijawahi kumwonyesha miguu hii kwenye mwanga."

"Sasa leo nani amekuvalisha?"

Akacheka akaficha mdomo kwa kiganja. Alikuwa amemwambia. Patrisi alijaribu, lakini mikono yake ya jembe ina magamba, ikawa inakwaruza kitambaa. Akaogopa kuzichana. Akaenda jikoni akachukua glovu za plastiki za kuoshea vyombo, za njano, nilizomuuzia mke wake mwenyewe, akazivaa. Akapiga magoti kando ya kitanda na glovu zake za njano, akaipandisha soksi polepole kutoka vidoleni, akilainisha kila mkunjo, mpaka gotini.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ungeniambia.'"

Nilikaa chini uani nikalia, na mimi silii ovyo. Tangu siku hiyo Patrisi amemvalisha kila asubuhi kabla hajashusha miguu kitandani. Jozi moja ikivaliwa, nyingine iko kwenye kamba. Kidonda kilikwenda kufungwa kila wiki. Kikapungua hadi punje ya mtama, na katikati ya mwezi wa tano Adrian akakitazama kwa miwani, akasema kimefunga. Mishipa ilikuwa palepale, haikwenda popote. Lakini Mama Selina alipotoka mle alikuwa anatembea mbele yangu, mimi nakimbilia nyuma.

Selina alijifungua mwanzoni mwa mwezi wa sita, Jumamosi, kwenye kituo cha afya cha hukohuko. Mtoto wa kike. Jumanne tukapata nafasi kwenye gari la Lesiamon, anayepeleka bidhaa za maduka Nainokanoka. Nilikwenda naye, kwa kuwa nilisema siwezi kumwachia safari peke yake. Kwenye gari alikuwa anachezesha vifundo juu na chini, juu na chini, mpaka Lesiamon akamuuliza kama anaogopa.

Mvua za mwisho zilikuwa zimeiharibu njia. Tulipofika kwenye mteremko mmoja, ukungu umeshuka hadi chini, magurudumu yakazama, na Lesiamon akazima injini. "Hapa mpaka nitafute watu wa kusukuma," akasema. "Labda kesho. Kwa miguu ni saa moja na nusu, mama zangu, kama mna mwendo."

Nikamtazama Mama Selina. Alikuwa amekwishashuka. Akaikusanya ile sketi ndefu, akaifunga fundo pembeni ya goti. Miguu yote nje, mbele ya Lesiamon na mbele ya wachungaji wawili na ng'ombe wao. Nikachukua ile ndoo ya bluu, maana yeye amekatazwa mizigo. Safari hii ilikuwa na kitu ndani: unga wa ulezi, mafuta ya ng'ombe, nguo za mtoto.

Mwenye miguu mizima ni mimi, na aliyesimama kila mara kutafuta pumzi ni mimi. Baridi ilinikata masikio. Yeye alinisubiri kila kilima, akiinuka kwa vidole na kushuka, akihesabu kwa wimbo wake wa kwaya. Mahali pamoja nikakaa juu ya jiwe nikamwambia aniache, fisi watanikuta nimekwishakufa. Akanivuta mkono, akaninyang'anya ndoo. Nikamwambia Adrian amekataza. Akasema Adrian hayupo, akaibeba hadi kilele, kisha akanirudishia kwa sababu ni mtiifu.

Halafu akasema bila kunitazama, "Aayo angekuwa na soksi hizi, angekuja kwangu."

"Angekuja," nikasema. "Mbio."

Tulipofika nyumba za walimu jirani mmoja, mama wa Kimasai anayeitwa Soila, alikuwa anatoka na birika la maziwa. Alituona, akaita kuelekea ndani. Selina akatokea mlangoni, mtoto kifuani ndani ya blanketi, uso umechoka, nywele hazijachanwa. Alimwangalia mama yake aliyesimama kwenye matope na sketi yake ya fundo. Macho yakashuka hadi kwenye zile soksi za kahawia. Mimi ndiye niliyekuwa nimempigia simu kumsimulia habari ya kabati, kwa hiyo alijua kila kitu.

"Mama," akasema, "leo si Jumanne?"

"Ni Jumanne," akasema Mama Selina, akipanda ngazi. "Jiko liko wapi?"